Pijo Kiganjani: Historia ya Vigari vya Familia kutoka Ufaransa hadi Mpanda

Vigari vya mkusanyo ni nakala ndogo za magari halisi, zilizopunguzwa kwa kipimo kimoja kuanzia urefu wa bodi hadi unene wa tairi. Kwa magari ya Kifaransa, kipimo kinachopendwa kuliko vyote ni 1:43, yaani kila sentimita 43 za gari la barabarani huwa sentimita moja ya kigari. Kipimo hicho kilirithiwa kutoka kwa treni za kuchezea. Nchini Uingereza treni hizo zilichongwa kwa milimita 7 kwa kila futi moja ya treni halisi, hesabu ambayo ni karibu 1:43.5, na viwanda vikatengeneza magari ya kupanga kando ya stesheni zake. Baadaye treni ziliachwa na wengi, magari yakaendelea peke yake. Kwa kipimo hicho Peugeot 504 ya saluni, yenye urefu wa mita 4.49, huwa na sentimita 10.4, na hukaa kiganjani vizuri.

Wakusanyaji wa aina hii wana vipenzi vingi: Citroën 2CV, Citroën DS, Renault 4, Simca. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki akiambiwa gari la familia la Kifaransa huwaza kwanza Peugeot, au Pijo kama inavyotamkwa barabarani, na ana sababu. Mfululizo wa Peugeot baada ya Vita Kuu ya Pili ulijengwa kwa ajili ya nyumba zenye watoto wengi na mizigo mingi. Ulianza na 203 mwaka 1948, ikafuata 403 mwaka 1955, 404 mwaka 1960 na 504 mwaka 1968. Kila moja ilikuwa na saluni yake na pia stesheni wagoni yake, na juu ya stesheni wagoni hiyo kulikuwa na toleo lililoitwa Familiale, lenye safu tatu za viti. Baba, mama, watoto na bibi walienea ndani ya gari moja, mizigo ikafungwa kwenye keria.

Ili safu ya tatu ipate nafasi, mafundi wa kiwanda cha Peugeot cha Sochaux walirefusha gari lenyewe badala ya kubana viti. Katika 404 ya saluni, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.65, katika Familiale ni mita 2.84. Tofauti hiyo ya sentimita 19, ikishushwa hadi 1:43, inabaki milimita 4 na ushee. Hapo ndipo kigari kizuri hutofautiana na kibaya. Viwanda vya bei rahisi vilitumia fremu ya saluni chini ya bodi ya stesheni wagoni, na jicho lililozoea huona mara moja kwamba mlango wa nyuma umekaa mahali pasipo pake. Mkusanyaji anayebeba rula ndogo mfukoni anatetea ukweli wa gari ambalo watu wengi walisafiri ndani yake.

Utengenezaji wenyewe ulianza kabla ya vita. Solido, kampuni ya Ferdinand de Vazeilles, ilizaliwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati huohuo Meccano ya Liverpool, iliyoanzishwa na Frank Hornby, ilikuwa na kiwanda chake cha Kifaransa huko Bobigny, pembeni mwa Paris, na humo ndimo vilimotoka vigari vya Dinky Toys vya Kifaransa. Njia ya kuvitengeneza ilikuwa kuyeyusha aloi ya zinki na kuisukuma kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ilikuwa ghali mno, lakini ikishakamilika ilitoa maelfu ya bodi zinazofanana. Kila Peugeot mpya ilipotoka Sochaux, kigari chake kilifuata kutoka Bobigny ndani ya miaka michache: 203, kisha 403 pamoja na Familiale yake, kisha 404, na mwishowe 504. Mtoto wa Kifaransa aliweza kununua gari la baba yake, na mara nyingi rangi ileile.

Familia ya Véron, ya Villeurbanne karibu na Lyon, ilichukua njia nyingine. Kampuni yao, Norev, ambayo jina lake ni Véron lililosomwa kinyumenyume, ilianza miaka ya 1940 na kufanikiwa kwa plastiki. Mwaka 1953 ilitoa Simca Aronde ya plastiki iliyopakwa rangi ndani ya plastiki yenyewe, bila haja ya kupulizia. Vigari hivyo vilikuwa vyepesi, rahisi kwa bei, na vyenye michoro laini zaidi ya vile vya zinki. Mmoja wa familia hiyo, Emile Véron, alianzisha mwaka 1961 kampuni iliyokuja kuitwa Majorette, ya vigari vidogo zaidi vya kutia mfukoni. Majorette ndiyo iliyofika mbali kuliko zote, kwa sababu kigari chake kiliuzwa kama peremende, kwenye duka lolote na kwa bei ambayo mzazi hakuhitaji kuifikiria mara mbili.

Magari halisi yalifika Afrika Mashariki katika eneo lililokuwa chini ya Uingereza, ambako mtu angetarajia Austin, Morris na Land Rover zitawale bila mpinzani. Peugeot ilipata nafasi yake kwa sifa za chini ya bodi: tumbo la gari lililo juu, springi ndefu zinazomeza mashimo, injini isiyo na makeke ambayo fundi mwenye spana chache aliweza kuifungua. 404 ilikuwa na injini ya silinda nne iliyolazwa upande kwa nyuzi 45, ili boneti ishuke na kazi ya fundi iwe rahisi. Stesheni wagoni za 504 zilifungwa ekseli ngumu ya nyuma badala ya ile ya saluni inayoachia kila gurudumu lijitegemee, kwa sababu ekseli ngumu huvumilia mzigo.

Mashindano ya magari ya Safari ndiyo yaliyozifanya sifa hizo zijulikane kwa kila mtu. Yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na utelezi wa masika. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404, katika mwaka ambao magari saba tu yalimaliza. Mwaka 1966 na tena 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, nao pia ndani ya 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na kwa mara nyingine magari yaliyomaliza yalikuwa saba. Halafu ikaja zamu ya 504: Ove Andersson na Arne Hertz mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefebvre mwaka 1978 kwa 504 ya milango miwili. Ushindi mara sita katika miaka kumi na mitano, na mara mbili kati ya hizo dereva alikuwa wa Dar es Salaam. Hili la mwisho lingestahili kufundishwa zaidi ya linavyofundishwa.

Kwa sababu hiyo 404 na 504 za Safari ni miongoni mwa vigari vinavyotafutwa sana hata na Wazungu wasiowahi kuiona Afrika. Vimetengenezwa tena na tena, vikiwa na namba za mashindano milangoni, taa za ziada mbele na majina ya madereva juu ya madigadi. Mkusanyaji wa Lyon anayeweka kabatini 404 ya Shankland anaweka kipande cha historia ya Tanzania, ajue asijue.

Baada ya ushindi ukaja uundaji. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa kilianza kazi katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na Peugeot zikawa miongoni mwa magari yaliyounganishwa hapo kutokana na vipuri vilivyoshushwa bandarini. 404 pikapu iliendelea kuundwa Kenya hadi 1991, miaka kumi na sita baada ya saluni ya 404 kuachwa Ulaya. 504 iliendelea hadi 2004, ingawa saluni yake ilikoma Ufaransa mwaka 1983; zipatazo 27,000 ziliunganishwa Kenya. Stesheni wagoni hizo ndizo zilizokuwa teksi za masafa marefu kati ya miji ya Kenya, abiria wakijipanga kwenye safu tatu zilizobuniwa kwa ajili ya familia ya Kifaransa.

Magharibi mwa Tanganyika, magari yalifika kwa kuchelewa. Eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi lilijua Ufaransa kwa njia nyingine, mapema kuliko injini yoyote. Huko Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie wa Ufaransa. Kifaransa kilisikika Karema miaka mingi kabla gari la Kifaransa halijagusa udongo wa Afrika Mashariki. Ng'ambo ya ziwa iko Kongo, na upande wa kaskazini iko Burundi, nchi zinazotumia lugha hiyo shuleni na ofisini.

Mpanda yenyewe, mji wa mkoa huo, ilifunguliwa na reli. Tawi la kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilimalizika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, ambao pia ulitoa shaba, fedha na dhahabu. Kwa miongo mingi mtu wa Mpanda aliyetaka kwenda Tabora au Dar es Salaam alipanda treni, na barabara zilikuwa za vumbi kiangazi na za tope masika. Gari dogo la saluni katika mazingira hayo lilikuwa mgeni wa heshima: la afisa, la misheni, la mfanyabiashara. Liliposimama mbele ya duka, watoto walilizunguka na kulisoma kwa vidole, mkunjo wa buti, umbo la taa, safu ya viti. Ndipo historia ya vigari ilipopata tawi lake la hapa.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu Tanzania. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba, na bidhaa za kutoka nje zikapungua madukani. Kulikuwa hata na amri ya kutoendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kuokoa petroli. Katika hali hiyo kigari cha zinki kutoka Ulaya kilikuwa kitu cha nadra, na kwa mtoto wa Mpanda kilikuwa hakipo kabisa. Watoto wakatengeneza vyao, kama watoto wa mikoa mingine walivyofanya na kama walivyofanya wenzao kuanzia Kongo hadi Zambia.

Gari la waya lina ufundi wake, na ufundi huo unastahili kuelezwa kwa umakini uleule unaopewa kalibu za Bobigny. Fundi, mara nyingi mvulana wa miaka minane hadi kumi na tatu, huanza na waya mnene wa kutosha kusimama bila kupinda. Hunyoosha kwa kugonga juu ya jiwe, kisha hukunja fremu ya chini, na juu yake mistari ya bodi: boneti, kioo cha mbele, paa, buti. Viungo hufungwa kwa waya mwembamba, au kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vinavyokaza kadiri vinavyovutwa. Magurudumu hukatwa kutoka kwenye ndala zilizochakaa, au huwa vizibo vya soda vilivyogongwa vikawa bapa, au vifuniko vya makopo. Ekseli ya mbele hufungwa ili izunguke kushoto na kulia, na kutoka hapo hupanda waya mrefu au fito hadi kifuani mwa mtoto, ukiishia kwenye usukani wa duara. Dereva hutembea nyuma ya gari lake na kulikatisha kona akiwa amesimama wima.

Wasio na waya hutumia mabua ya mahindi au mtama: ganda gumu linakuwa fremu, moyo laini wa bua unakuwa magurudumu na viti, na miiba hushika viungo. Gari la mabua ni jepesi na hufa ndani ya msimu mmoja, lakini mkono uliolijenga huwa umejifunza uwiano. Katika Katavi, ambako mahindi na tumbaku ndiyo mazao ya mashamba mengi, malighafi hiyo haijawahi kukosekana baada ya mavuno.

Mtoto hana rula wala mchoro, na kwa hiyo gari la waya halina kipimo cha 1:43 wala kingine cha hesabu. Lina kipimo cha macho. Mtengenezaji huchagua dalili chache zinazolitambulisha gari na kuziacha nyingine. Kwa 404 dalili hiyo ni mapezi madogo yanayoinuka juu ya madigadi za nyuma. Kwa 504 saluni ni buti lililovunjika katikati na kuteremka. Kwa stesheni wagoni ni paa refu na dirisha la ubavuni la nyuma. Waya tatu zikipindwa sawasawa, mtazamaji husema ni Pijo kabla hajaona gurudumu. Hapa mwenye kalibu ya chuma na mwenye koleo la kuazima wanafanya kazi ileile ya kuamua ni mstari upi wa gari hauwezi kuondolewa. Kwa maoni ya wengi wanaovijua vyote viwili, mtoto ndiye anayeamua kwa ujasiri zaidi.

Mabadiliko ya sera za biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1980 yalileta magari yaliyotumika kutoka Japani, na Peugeot zikaanza kupungua barabarani, spea zikawa ghali, nyingine zikalala nyuma ya gereji. Watoto walifuata barabara. Magari ya waya yakageuka kuwa malori, mabasi na Land Cruiser. Ulaya nako mambo yalikuwa yanageuka: kiwanda cha Dinky cha Liverpool kilifungwa mwaka 1979, vile vya Ufaransa vilibadilisha wamiliki, na utengenezaji ukahamia Asia. Lakini waliokuwa watoto miaka ya 1950 na 1960 walikuwa sasa watu wazima wenye mishahara, nao wakaanza kuyatafuta magari ya wazazi wao. Norev ilirudi kwenye 203, 403, 404 na 504 zake kwa metali na kwa usahihi mkubwa kuliko mwanzo. Makampuni mengine yaliuza vigari kwenye vibanda vya magazeti, kimoja kila wiki mbili pamoja na kijitabu chake. Kigari kilichokuwa kitu cha kuchezea kikawa kitu cha kutazama, na kasha lake la karatasi likaanza kuthaminiwa kama kigari chenyewe, wakati mwingine kuliko.

Leo kigari cha Kifaransa hufika Mpanda kwa njia mbili. Ya kwanza ni dukani, hasa Majorette na za kuiga. Ya pili ni marobota ya mitumba, ambamo vitu vya watoto wa Ulaya huchanganywa bila mpangilio, na chini ya fungu la vipande vya plastiki huweza kuwamo Norev au Solido isiyo na tairi moja. Anayetafuta humo hana budi kugeuza kila kigari na kusoma tumboni: jina la kampuni, nchi, namba ya modeli na kipimo huandikwa hapo.

Kutunza ni kugumu kuliko kupata. Aloi ya zinki ina ugonjwa wake: ikiwa zinki ilichafuliwa na risasi wakati wa kuyeyushwa, metali huanza kujila kutoka ndani, inavimba, inapasuka na mwishowe inakuwa unga. Vigari vingi vya kabla ya vita vilipotea hivyo, na hakuna dawa. Viwango vya baadaye viliweka ukomo wa risasi kuwa asilimia 0.005 tu. Kiasi ambacho mtu wa Mpanda, mji uliofunguliwa kwa ajili ya risasi, angekiona si kitu, kinatosha kuangamiza kabati zima. Kigari chenye nyufa nyembamba zisizotokana na kuanguka kitengwe mapema, hasa kwa sababu unyevu huharakisha ugonjwa huo.

Norev za plastiki za mwanzo zina udhaifu mwingine. Plastiki yake hujikunja kwa joto, paa linabonyea na milango inapinda, kwa hiyo haifai kuwekwa chini ya bati lisilo na dari wakati wa Septemba na Oktoba, miezi ambayo Katavi hupata joto kali kabla ya mvua. Mvua zinapoanza Novemba, adui ni kutu ya ekseli na ukungu wa makasha. Mchwa hula makasha bila kubakiza, na kabati lililogusa ukuta wa udongo halina ulinzi. Rafu ya chuma iliyo mbali na ukuta, kitambaa kikavu na kivuli ndivyo vinavyosaidia.

Magari ya waya yana hali mbaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyeyatunza. Hayana kasha, hayana namba tumboni, na mtengenezaji wake alipokua waya ulikwenda kufunga ua au kurekebisha baiskeli. Machache yamo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, yakiandikwa nchi yalikotoka bila jina la mtoto. Hilo ni pengo linaloweza kuzibwa wakati waliokuwa wakiyatengeneza miaka ya 1970 bado wako hai, Mpanda, Karema, Inyonga, Katumba na Mishamo. Wengi wao mikono haijasahau. Rekodi ya gari moja la waya inahitaji mambo machache: jina la aliyelitengeneza kwa ridhaa yake, mahali na mwaka, waya ulitoka wapi, magurudumu yalikuwa ya nini, na ni gari gani halisi alilokuwa akiliona mtengenezaji alipokunja paa lake.